Tone Begani mwa Kapteni

Hema la kwanza nililolishona peke yangu lilivuja. Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana wa karakana, siku ya kuniaga, mlisimama mmoja baada ya mwingine mkasema Mama Sabina hajawahi kukosea mshono, nami nilikaa pale nikila keki yenu, kimya. Keki ilikuwa nzuri. Maneno yalikuwa uongo, na kwa kuwa sasa sina mkubwa wa kunikemea, nimeona niandike mambo yalivyokuwa.

Nilizaliwa Nsambya, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na masista wa misheni walinifundisha kudarizi vitambaa vya meza. Nilipokwenda kuomba kazi kwenye karakana ya mahema, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilibeba kitambaa kimoja chenye maua ya waridi kama ndicho cheti changu. Mzee aliyenipokea hakutazama maua. Alikigeuza kitambaa, akachunguza upande wa nyuma kwenye mafundo, akapitisha kidole taratibu.

"Mbele iko muzuri, mama," alisema. "Lakini mvua haina macho."

Huyo alikuwa Papa Ilunga, fundi mkuu wetu. Alikuwa Mkongo aliyekimbia vita kwao, akaishi chumba kimoja huko Makindye na mkewe, na wanawake wote aliwaita mama, hata sisi tuliokuwa bado tunanyolewa nywele na mama zetu. Wiki tatu za kwanza hakunipa sindano. Alinipa wembe na rundo la mahema mabovu nifumue. Nililia nyumbani, baba akacheka, akasema afadhali kufumua kuliko kufumuliwa. Lakini fundi anayejua mshono unavyokufa atajua namna ya kuufanya uishi, na mpaka nilipostaafu, kila nilipompokea mtu mpya nilimpa wembe kwanza. Mnaonichukia kwa hilo, mlaumuni Papa Ilunga.

Kampuni ilikuwa ya Mhindi mmoja aliyekodi pori kubwa upande wa magharibi, mwendo wa saa saba kwa lori kutoka Kampala. Humo alikuwa na kambi ya wageni wa nje. Msifikiri kambi ya maskauti. Kila hema lilikuwa na vitanda viwili vya chuma, shuka nyeupe zilizopigwa pasi, zulia, beseni la shaba, bafu la turubai nyuma, na kibaraza chenye viti ambapo mgeni alikaa na glasi mkononi akiwatazama tembo wakinywa maji. Wazungu walisafiri kutoka mbali kuja kulala nje kwa raha. Sisi Nsambya tulikuwa watu tisa katika vyumba viwili, na kulala nje kwetu ilikuwa adhabu.

Kulikuwa na desturi moja pale ambayo sijaikuta kwingine. Hema jipya halikupewa mgeni kabla ya aliyelishona kukaa ndani yake siku nzima, kama mgeni kamili. Tuliita kuonja. Kama mpishi anavyoonja mchuzi, mshonaji anaonja hema. Unakwenda na lori, hema linasimamishwa, unaingia, na kuanzia hapo huruhusiwi kuinua hata kikombe. Wahudumu wanakuletea chai, wanakujazia maji ya kuoga, wanakuita madam huku wakikukonyeza. Kazi yako ni kulala chali na kutazama dari. Mtu aliyelala chali huona makosa ambayo mtu aliyesimama hayaoni.

Papa Ilunga mwenyewe hakuwahi kuonja hata moja. Karatasi yake ya ukimbizi haikumruhusu kutoka Kampala. Wengine walionja kwa niaba yake, na wakirudi aliwakalisha kwenye benchi awahoji: upepo ulitoka wapi, dari lililegea saa ngapi, kulikuwa na harufu gani asubuhi.

Halafu Wahindi wakaambiwa waondoke nchini. Tajiri wetu alipita karakanani mara ya mwisho, akashika kila cherehani kama anayemshika mtoto kichwani, akaenda. Funguo zikapewa Kapteni mmoja wa jeshi, kama ilivyokuwa siku zile. Jina lake nalihifadhi, ana wajukuu. Hakuwa mkatili kwetu, lakini tulimwogopa vilevile, maana wakati ule hukuhitaji kumjua mtu kuwa mbaya ili umwogope. Ilitosha kuwa alikuwa na bastola na gari lisilo na namba.

Vitu vikaanza kupotea madukani. Sukari, sabuni, chumvi, vyote vikawa vya magendo. Kwetu msiba mkubwa ulikuwa uzi. Uzi wetu ulikuwa wa pamba, mnene, tuliouvuta juu ya nta kabla ya kushona. Papa Ilunga alikuwa ameniambia mara nyingi: "Uzi ya pamba inakunywaka mayi, mama. Ikikunywa, inavimba, inafunga tundu ya sindano. Hema inajifunga yenyewe." Nilimsikia kama unavyomsikia mzee anayerudia hadithi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili wakati huo, mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote pale, na nilijua hivyo.

Ndipo Kapteni akaja na habari kwamba kuna wageni. Mume na mke, watu wa kampuni ya utalii ya ng'ambo, walikuwa wanakuja kuiona kambi kama inafaa kuletewa watu tena. Kwa miezi mingi hakuna mgeni aliyekuwa amefika. Alitaka hema moja jipya, kubwa, ndani ya wiki mbili.

Siku ya tatu Papa Ilunga akashikwa na malaria, akalazwa hospitali ya Nsambya. Siku ya tano uzi wa pamba ukaisha. Nilizunguka mji mzima. Mwishowe nikaenda Ggaba, kwa wavuvi wanaotengeneza nyavu, nikapata kibunda cha nailoni. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, haikukatika. Nikavuta kipande cha mwisho cha pamba kilichosalia mfukoni, kikakatika. Nikasema moyoni, basi, mzee wa watu amekuwa akibembeleza uzi dhaifu miaka yote hii. Nikashona paa lote kwa nailoni, mishono miwili miwili, imenyooka kama reli.

Sheria ya karakana ilikuwa kuogesha hema mara tatu kabla halijapakiwa: kulisimamisha uani, kulimwagia maji, kulikausha, kurudia. Wiki ile mabomba ya mji yalikuwa yamekauka na Kapteni alikuwa na haraka. Sikuogesha. Nilikwenda kumwona Papa Ilunga wodini, akaniuliza, "Umeiosha?" nikamjibu kwamba maji hakuna. Akasema basi utaiambia ile mvua ya huko ikuoshee. Habari ya nailoni sikumwambia. Aibu ninayo mpaka leo, maana sikusahau, nilinyamaza.

Kapteni alipoliona hema karakanani alilizunguka mara mbili.

"Nani nashona hii?"

"Ni mimi, afande."

"Wewe peke yako? Yule Mkongo hapana saidia?"

"Yuko hospitali, afande. Nimeshona peke yangu."

Niliona anatikisa kichwa kwa kuridhika, na nilivimba kama andazi kwenye mafuta. Sikujua nilikuwa nimejibu nini.

Tukafika kambini saa tano asubuhi, siku moja kabla ya wageni. Hema likasimama, likapendeza hata mpishi akatoka jikoni kulitazama. Mpishi alikuwa Ramadhani, Mnubi wa Bombo, mtu wa tumbo kubwa na ulimi mkali. "Wallahi, Sabina," alisema, "leo mimi napikia wewe? Dunia nakwisha." Lakini alinipikia, akaniletea mwenyewe, kuku wa kuchoma na viazi vilivyokatwa vyembamba, leso begani kama wa hoteli kubwa. Nikaoga maji ya moto nyuma ya hema nikiwatazama swala kwa juu ya ukuta wa turubai. Nikajilaza kwenye shuka nyeupe. Nakiri kwamba kwa saa mbili nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilijaribu kulala kama tajiri, yaani katikati ya kitanda, mikono imetawanyika.

Saa nane mchana Kapteni akaja kibarazani. Wingu lilikuwa limeanza kukusanyika upande wa mto, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti cha mgeni.

"Binti, nalala kama bibi ya balozi," alisema, akacheka. Alikuwa na furaha ya kweli. "Sikiliza. Serikali nasema mgeni hapana kaa hapa kama kazi yake Mganda naweza. Ile karatasi ya Mkongo nakwisha mwisho ya mwezi huu. Mimi nilikuwa nafikiri, nani atashona? Sasa naona, sisi iko na binti yetu. Yeye arudi kwao."

Nilikaa kitako kitandani. Papa Ilunga hakuwa na kwao tena. Nyumba ilichomwa, ndugu zake wawili waliuawa mbele ya mlango. Alinieleza mara moja tu, akiwa anapaka nta uzi, na hakuinua macho. Nikaelewa kwamba mishono yangu iliyonyooka ndiyo iliyokuwa inamfukuza. Kila sifa ya hema lile ilikuwa inamsukuma mpakani, na mimi nilikuwa nimeitafuta sifa hiyo kwa mikono miwili.

Mvua ikaanza. Mvua ya kule haibishi hodi. Ilipiga paa kwa nguvu hata ikabidi tunyamaze. Nikatazama juu kwa mazoea ya kazi, nikaona mshono wa katikati umeanza kung'aa. Kila tundu la sindano lilikuwa na shanga ndogo ya maji. Tone la kwanza lilimwangukia Kapteni begani, juu kabisa ya zile nyota zake. La pili likaanguka kwenye shuka. Baada ya hapo yakaja kwa mstari, sawasawa, kufuata mshono wangu ulionyooka.

Kapteni alitazama bega lake, kisha paa, kisha mimi.

"Hii nini?"

Ningeweza kusema turubai ni bovu. Lilikuwa la zamani ghalani, angeamini. Nilihisi uso unawaka kwa aibu, na chini ya aibu ile nikahisi kitu kingine ambacho sikutarajia, nacho kilikuwa furaha. Nilifurahi kwamba linavuja. Sijui kama kuna fundi mwingine aliyewahi kufurahi hivyo.

"Ni kosa langu, afande," nikasema. "Nimeshonea nailoni ya wavuvi. Nailoni hainywi maji, haivimbi, kwa hiyo tundu linabaki wazi. Papa Ilunga aliniambia nisitumie uzi mwingine ila pamba. Sikumsikia."

"Wewe nasema unajua kazi!"

"Kushona najua, afande. Mvua sijaijua. Mvua anaijua yeye, na bado ananifundisha."

Akasimama. Alikuwa mrefu, kofia yake iligusa turubai, na mnajua hema la pamba likiguswa kwa ndani wakati wa mvua hutokea nini. Maji yakamshukia shingoni. Nikauma midomo. Lau ningecheka siku ile, nisingekuwa hapa kuwaandikia.

"Kesho saa saba mgeni nafika," alisema polepole. "Kama tone moja naanguka juu ya ile mama..." Hakumaliza. Watu wa wakati ule hawakuwa na haja ya kumaliza sentensi.

Mvua ilikatika saa kumi. Tukalishusha paa, nikaomba wembe, nikafanya ile kazi niliyoilia nilipoanza. Kufumua kulikuwa rahisi, lakini uzi wa kushonea upya sikuwa nao. Nilimfuata Ramadhani jikoni nikamweleza yote, na la Papa Ilunga pia. Alinisikiliza huku akifunga paja la ng'ombe kwa ajili ya wageni, akilizungusha kamba nyembamba nyeupe ili lisiachane likichomwa. Nikaitazama ile kamba. Nikaigusa. Ilikuwa pamba.

"Ramadhani, unayo nyingi?"

"Hii? Hii ya nyama yangu!" Akaikumbatia. "Bila kamba nyama naanguka kama mlevi. Mimi naonekana mjinga mbele ya Wazungu."

"Na Papa Ilunga?"

Alitukana kwa Kinubi, akafungua lile paja na kunipa kamba yote, hata ile iliyokwisha kushika mafuta. Kisha akanipa mishumaa ya mezani kwa ajili ya nta, akasema kama wageni watakula gizani basi wasione ile nyama. Nikashona mpaka mwanga ukaisha, nikaamka alfajiri nikaendelea. Ilikuwa kamba nene, sindano iligoma, vidole vikatoka damu. Wahudumu wawili walinishikia turubai bila kuitwa.

Saa nne paa likarudi juu. Nikasema sasa naliogesha. Kapteni akaja kusimama nyuma yangu, mkono kiunoni, ndoo zikaletwa kutoka kwenye mapipa. Maji ya kwanza yalipita. Nikasikia anavuta pumzi.

"Subiri, afande," nikasema. "Linakunywa."

Tukalimwagia mara ya pili, yakapita matone machache. Tukaliacha jua lilikaushe kidogo, tukamwaga mara ya tatu. Niliingia ndani nikalala chali sakafuni. Kamba zilikuwa zimevimba, na kila tundu limeziba. Halikuvuja hata tone.

Wageni wakafika, wakala nyama iliyolala ubavu kwenye sinia, wakaisifu. Kesho yake alasiri mvua ikanyesha vilevile. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika rozari ya masista, na Ramadhani tasbihi yake, kila mtu na yake. Mvua ilipopita, yule mama akatoka kibarazani nywele zake kavu, akaagiza chai nyingine. Ramadhani akaniinua juu kama gunia.

Kapteni akaja jikoni. Alikuwa anatabasamu, na ndilo lililonitia hofu.

"Haikuvuja. Basi wewe najua."

"Sijui, afande. Hii kamba ya nyama itaoza msimu huuhuu. Hema lirudi Kampala lishonwe upya lote, na siwezi kulishona bila Papa Ilunga. Mmeona wenyewe nikiachwa peke yangu." Nusu ya hayo ilikuwa kweli. Nusu nyingine nitaijibia mbele ya Mungu, na nadhani hatanisumbua sana.

Alikuna bega lake, lile lile. "Atamaliza lini kufundisha wewe?"

"Haiwezi kusemwa, afande. Mvua hazifanani."

Aliandika barua palepale, juu ya meza ya kukatia vitunguu: kwamba mzee huyo aachwe Kampala mpaka atakapomaliza kumfundisha Sabina. Kampala, mkubwa wa ofisi ya vibali vya wageni akagonga mhuri bila kuuliza.

Nilimpelekea Papa Ilunga barua ile Makindye, ametoka hospitali lakini bado amefunikwa blanketi. Nikamweleza habari ya nailoni kwanza. Alinikasirikia kweli. Alisema nimecheza na kazi, na kazi ndiyo nyumba yake pekee, na mkewe akalazimika kumtuliza. Nililia. Kisha akaisoma barua, akaisoma tena, akaivua miwani.

"Mama," alisema, "basi usijifunze mbio."

Kila mwaka baada ya hapo alikuja karani wa ofisi ile na faili, akiniita nje ya karakana na kuniuliza kama nimemaliza kujifunza. Kila mwaka nilimjibu, "Bado." Mwaka wa pili nilikuwa nashona mahema matatu kwa mwezi. Mwaka wa tatu nilikuwa nawafundisha watu wanne, na mmoja wao alinicheka karani alipoondoka, akasema mwanafunzi gani huyu mwenye wanafunzi. Ndiyo maana kwenye karatasi zangu mmeona nilikuwa mwanagenzi miaka mingi mno, na mkaniuliza kwa upole kama niliwahi kuugua. Sikuugua. Watu wa familia yetu walisema mimi ni mzito wa kuelewa, na nikawaacha waseme.

Kisha serikali ile ikaanguka, wanajeshi wake wakakimbia, Kapteni pamoja nao. Karakana iliporwa, lakini vyerehani viwili tulikuwa tumevifukia uani kwa Papa Ilunga, na kwa hivyo viwili tukaanza tena. Ikachukua muda, wakapatikana watu wa kusikiliza ombi lake, na siku moja akaja na karatasi mpya. Ilikuwa na picha yake na jina lake, ruhusa ya kukaa, na haikutaja kazi wala mtu mwingine yeyote. Alituonyesha mmoja mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika.

Wiki ileile akatokea karani, kijana mgeni kwenye kazi, na faili la zamani kwapani. Hakuwa na habari ya kitu chochote, alikuwa anafuata maandishi tu. Akanisimamisha mlangoni, Papa Ilunga akiwa nyuma yangu anapaka nta, akafunua ukurasa na kuuliza kwa adabu:

"Dada Sabina, umemaliza kujifunza?"

"Nimemaliza, bwana," nikamwambia. "Nimemaliza jana."